DARSA: KUTENGENEZA USO KWA KISU – MASUALI YA WAGONJWA NA MAJAWABU YAKE



Katika darsa zetu za baada ya Isha limekuwa likirudi suali moja. Mara huulizwa kwa ulimi, na mara huletwa katika kijikaratasi kilichokunjwa, kwa kuwa mwenye kuuliza huona haya. Suali lenyewe ni hili: Je, yafaa mtu aende kwa daktari akapasuliwe uso ili utengenezwe? Na akipasuliwa, yatampata yepi? Ataumia? Kovu litabaki? Atakaa ndani siku ngapi? Na Sala yake ataisali vipi?

Tumeona ni wajibu wetu kulijibu suali hili kwa urefu, na sababu yake ni jambo lililotokea karibu nasi.

Kijana mmoja katika jamaa zetu alilipukiwa na stovu ya mafuta ya taa, akaungua upande mmoja wa uso. Kidonda kilipokuwa kikipona, ngozi ilijikunja ikauvuta ukope wa chini, hata jicho likawa halifumbiki wala usingizini. Daktari alimwambia kuwa kovu lile lapasa kukatwa, na mahali pake pabandikwe ngozi itakayotolewa pengine mwilini mwake, ili ukope urudi mahali pake. Watu wakamwambia, "Huko ni kugeuza maumbile aliyokuumba Mwenyezi Mungu. Hiyo ni haramu. Subiri." Kijana akasubiri. Ama jicho lisilofumbika hukauka. Likikauka, kioo chake hupata kidonda. Na kidonda kile kikipona kwa kovu jeupe, nuru haipiti tena. Leo jicho lile halioni. Naye, aliyekuwa hakosi safu ya kwanza, akawa hasali ila chumbani mwake.

Tulipomzuru, alituuliza neno moja tu: "Katika walioniambia ni haramu, ni nani aliyekuwa na ilimu ya neno hilo?" Hatukuwa na jawabu, maana baadhi yetu tulikuwapo siku hiyo, nasi tulinyamaza. Basi darsa hii ni kwa ajili ya ukimya wetu ule.

UPASUAJI HUU WATOKA WAPI

Wengi hudhani kuwa kutengeneza uso ni jambo la jana, lililozushwa na wacheza sinema. Sivyo. Katika Bara Hindi tangu zama za kale, mtu aliyekatwa pua kwa adhabu au vitani alikuwa akitengenezewa pua nyingine kwa ngozi ya uso wake mwenyewe. Khabari ya kazi hiyo, iliyofanywa kwa ngozi ya kipaji cha uso katika upande wa Pune, ilichapishwa katika gazeti moja la London mwaka 1794, na madaktari wa Ulaya wakajifunza kwayo.

Wala Waislamu hawakuwa nyuma. Abulkasim Al-Zahrawi wa Andalusi, aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliandika kitabu kikubwa cha utabibu kiitwacho Al-Tasrif, na sehemu yake ya 30 ni ya upasuaji. Humo alieleza, pamoja na michoro ya vyombo, namna ya kutibu kope zilizovutwa na makovu hata zisifumbike. Jambo lile lile lililomtia upofu ndugu yetu lilikuwa na tiba iliyoandikwa na Mwislamu miaka elfu iliyopita. Na kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, kikasomeshwa Ulaya kwa muda mrefu.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza, askari wengi walirudi kutoka mahandaki ya Ufaransa wakiwa hawana taya wala pua. Daktari Harold Gillies alifungua hospitali Sidcup, Uingereza, mwaka 1917, na huko walitibiwa askari zaidi ya 5,000. Katika vita vya pili, jamaa yake Archibald McIndoe aliwatibu marubani walioungua nyuso katika mji wa East Grinstead. McIndoe hakutosheka na kisu tu. Aliwaomba watu wa mji ule wawakaribishe vijana wale majumbani mwao na madukani, wala wasiwakodolee macho. Alijua kuwa uso ulioungua hutibiwa na daktari, lakini moyo wa mwenye uso huo hutibiwa na majirani.

Na huyo McIndoe, pamoja na Michael Wood na Mmarekani Tom Rees, wote watatu wapasuaji wa kuunda viungo, ndio walioasisi huduma ya Madaktari wa Ndege wa Afrika Mashariki mwaka 1957, ambayo baadaye ikajulikana kwa jina la AMREF. Basi tiba hii ina nasaba katika nchi yetu pia.

HUKUMU YAKE KWA MUHTASARI

Kitabu cha Mwenyezi Mungu kimetaja kuwa Shetani huwaamrisha watu wageuze maumbile, na Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakemea wenye kuchonga meno kwa kutafuta uzuri. Mambo haya hapana anayeyakana. Lakini hadithi ya Arfaja bin Asad nayo ni mashuhuri. Sahaba huyu alikatika pua katika vita vya Kulab zama za ujahili, akajitengenezea pua ya fedha. Ilipomnukia, Mtume alimwamuru ajifanyie pua ya dhahabu. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Tazama, basi: dhahabu ambayo asili yake ni haramu kwa mwanamume iliruhusiwa ili mtu aondokewe na aibu na udhia usoni mwake. Ikiwa hivi ni katika dhahabu, seuze ngozi yake mwenyewe?

Kwa ajili hiyo Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, mwezi wa Julai 2007, iliupambanua upasuaji huu. Ule wa kurudisha kiungo katika hali yake, kuondoa kilema cha kuzaliwa nacho, au kutengeneza kilichoharibiwa na moto, ajali au maradhi, huo wafaa. Na ule wa kufuata matamanio tu, au kuiga sura za watu fulani, au kujigeuza ili kudanganya, huo haufai. Kati ya pande mbili hizi yako mambo ambayo mwenye nayo yampasa amwulize mwanachuoni mwaminifu na daktari mwaminifu, wote wawili. Mmoja peke yake hatoshi, kwa sababu hukumu ya jambo hufuata kulijua jambo lenyewe.

Sasa na tuyaendee masuali ya wagonjwa.

SUALI LA KWANZA: NITAUMIA?

Jawabu: Wakati wa kupasuliwa huumii. Kazi ndogo, kama ya kope, mara nyingi hufanywa kwa sindano ya ganzi nawe uko macho. Kazi kubwa hufanywa kwa dawa ya usingizi. Aliyeambiwa asile kabla ya usingizi na atii: kwa desturi ni saa 6 bila ya chakula, na saa 2 hata bila ya maji. Mwenye kuficha kuwa alikunywa chai ya maziwa asubuhi ajua kuwa amejitia khatarini yeye mwenyewe, maana chakula chaweza kupanda kikaingia mapafuni naye amelala.

Baada ya hapo maumivu si makubwa kama watu wanavyodhani. Aliyepasuliwa kope huhisi kuwashwa na kukazwa. Aliyepasuliwa pua husumbuliwa zaidi na kuziba kuliko kuumwa, hata hupumulia kinywani siku kadhaa. Aliyevutwa ngozi ya uso huhisi kama amefungwa kitambaa kilichokaza. Lakini maumivu makali ya upande mmoja, yanayozidi badala ya kupungua, hayo si ya kuvumilia, tutayataja mbele.

SUALI LA PILI: UVIMBE UTAKWISHA LINI?

Jawabu: Hapa ndipo wengi huvunjika moyo, kwa kuwa hawakuambiwa mapema. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kabisa. Uso hufura, na damu huvilia chini ya macho, ikawa nyeusi, kisha kijani, kisha manjano. Mgonjwa hujitazama kiooni akalia, na mamake akalia naye, wakadhani kazi imeharibika. Haikuharibika. Kwa wengi sehemu kubwa ya uvimbe na weusi huondoka katika muda wa wiki 2.

Ila yote hayaishi katika wiki 2. Pua iliyopasuliwa huwekewa gango la nje kwa muda wa wiki moja hivi; kisha uvimbe wa ncha yake hushuka polepole, na yaweza kupita mwaka mzima kabla sura yake ya mwisho haijaonekana. Ngozi nene huchelewa zaidi. Basi mwenye kupasuliwa pua mwezi wa Rajabu asiihukumu kwa jinsi ionekanavyo sikukuu ya Idi.

Ya kusaidia ni haya: kulala kichwa kimeinuliwa kwa mito miwili au mitatu, kitambaa baridi katika siku 2 za mwanzo, wala si barafu tupu juu ya ngozi iliyo na ganzi, kutoinama na kutoinua vizito, na aliyepasuliwa pua asipenge kamasi kwa muda wa wiki 2 hivi, na akitaka kupiga chafya afungue kinywa. Miwani isikae juu ya pua mpaka daktari airuhusu, na mara nyingi huwa ni baada ya wiki kadhaa.

SUALI LA TATU: KOVU LITABAKI?

Jawabu: Hapana kisu kisichoacha kovu. Mwenye kuwaambia watu kuwa hupasua bila ya kovu, huyo ama hajui au hasemi kweli. Kazi ya mpasuaji mzuri ni kuliweka kovu mahali lisipoonekana: ndani ya pua, katika mkunjo wa ukope, mbele na nyuma ya sikio. Kovu huwa jekundu au jeusi na gumu miezi ya mwanzo, kisha hulainika na kufifia katika muda wa mwaka mmoja au zaidi. Jua la pwani yetu hulitia weusi kovu changa, basi lifunikwe.

Lakini sisi watu weusi yatupasa tulijue jambo moja zaidi. Liko kovu ambalo haliishii mahali pake. Huinuka, likatambaa nje ya mpaka wa kidonda, likawasha na kuuma. Madaktari huliita keloidi. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, na zaidi katika ujana, tangu miaka 10 mpaka 30. Mahali pake pa kupenda ni ndewe ya sikio, taya, kifua na mabega. Katika kope ni nadra sana. Basi mwanamke aliyewahi kutoga sikio likaota kinundu, au ambaye mamake na dada zake wana makovu ya namna hiyo, na amwambie daktari kabla hajashikwa na kisu. Na keloidi yenyewe haifai kukatwa peke yake, kwa kuwa ikikatwa tu mara nyingi hurudi, na pengine hurudi kubwa kuliko kwanza. Hutibiwa kwa sindano za dawa ndani ya kovu, kwa kubanwa, na kwa vipande vya silikoni, na ikikatwa hufuatilizwa na tiba hizo.

Kadhalika, mwenye kutumia mafuta ya kujichubua na amwambie daktari bila ya kuficha. Mengi katika hayo yana dawa inayoikondesha ngozi, na ngozi iliyokonda haishiki uzi vizuri wala haiponi upesi. Mengine yana zebaki, ambayo hudhuru mafigo. Watu humwogopa daktari mpasuaji, ilhali wajipasua kila usiku kwa kopo la duka.

SUALI LA NNE: USO HAUTAPOOZA?

Jawabu: Mishipa ya fahamu inayoutembeza uso hupita karibu na mahali panapofanywa kazi ya kuvuta ngozi. Yaweza kuguswa au kuvimba, nyusi au pembe ya mdomo ikalegea. Mara nyingi hali hii hupoa katika wiki au miezi. Kupooza kwa kudumu hutokea kwa watu chini ya mmoja katika 100. Mshipa unaodhurika zaidi ni ule wa kuhisi unaokwenda sikioni, ukaacha ganzi katika ndewe. Ganzi ya mashavu ni kawaida, na hurudi polepole pamoja na kichomo na mwasho, na hiyo ni dalili ya kupona. Ila mwenye ganzi na ajihadhari na chai ya moto na pasi ya nguo, maana huungua asihisi.

SUALI LA TANO: NIACHE NINI KABLA YA KUPASULIWA?

Jawabu: La kwanza ni tumbaku, iwe ya sigara, ya shisha au ya kutafuna. Tumbaku huifinya mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyovutwa haina riziki ila kwa mishipa hiyo. Mwaka 1984 yule Tom Rees tuliyemtaja, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi juu ya watu waliovutwa ngozi ya uso, wakaona kuwa mvutaji khatari yake ya kufa kipande cha ngozi yapata mara 12 ya asiyevuta. Madaktari hutaka tumbaku iachwe wiki 4 kabla na wiki 4 baada. Na aliyeweza kuiacha wiki 8, kwa nini aizindue tena?

La pili ni vitu vinavyozuia damu kuganda: aspirini na dawa nyingi za kutuliza maumivu, na hata vidonge vya kitunguu saumu na mafuta ya samaki. Lakini aliyepewa aspirini na daktari wake wa moyo asiiache kwa rai yake. Madaktari wake wawili na washauriane. Na dawa zetu za mitishamba zitajwe zote. Miraa na mugukaa navyo viachwe, kwani huenda mbio moyo na damu ikapanda.

La tatu, mwenye maradhi ya sukari au ya damu kupanda na ayatengeneze kwanza. Damu iliyopanda ndiyo sababu kubwa ya kuvuja ndani baada ya kushonwa, na hilo huwapata wanaume zaidi ya wanawake.

SUALI LA SITA: SALA NA UDHU NITAFANYAJE?

Jawabu: Suali hili madaktari wengi hawalijui, basi mgonjwa alipange kabla ya siku yake. Kuinama kichwa chini katika siku za mwanzo kwaweza kuvujisha damu puani na machoni. Mgonjwa aliyekatazwa kuinama husali kwa kukaa, akarukuu na kusujudu kwa ishara, na sijida yake akaifanya ya chini zaidi kuliko rukuu. Hiyo ni ruhusa ya sharia kwa mgonjwa wala si upungufu wa imani. Ama udhu, mahali pazima huoshwa. Na palipo na bendeji au gango asipoweza kupaondoa, hupangusa juu yake kwa maji ikiwa hayadhuru, na hutayamamu. Na kwa kuwa uso ni katika viungo vya tayamamu, wanavyuoni wa madhhabi ya Imamu Shafi wana maneno juu ya kuirejea Sala hiyo; basi na amwulize mwanachuoni wake mapema, asingoje mpaka amefungwa. Na mwenye khiari ya siku asichague kupasuliwa ndani ya Ramadhani, ambapo atahitajia dawa na maji mchana.

SUALI LA SABA: NITARUDI LINI KAZINI?

Jawabu: Aliyepasuliwa kope hutolewa nyuzi baina ya siku ya 5 na ya 7, na kwa desturi huweza kutoka baada ya wiki moja au 2. Wa pua na wa kuvutwa uso ni wiki 2 hivi. Kazi ya kubeba vizito, kuogelea na mchezo wa mpira vingoje wiki 4 mpaka 6. Aliyebandikwa ngozi kwa ajili ya moto huchukua muda zaidi, na yaweza kumlazimu arudi kupasuliwa mara nyingine, kwa sababu kovu la moto huendelea kujivuta. Hata katika pua, wagonjwa baina ya 5 na 15 katika kila 100 huhitajia kurekebishwa tena. Basi kabla ya kulipa fedha, ulizeni: ikiwa yatahitajika marekebisho, ni nani atakayelipa?

SUALI LA NANE: MOYO WANGU UTATULIA?

Jawabu: Katika wiki ya kwanza huzuni huwajia wengi, hata wale ambao kazi yao imefaulu. Usingizi mchache, uvimbe na kufungiwa ndani vyatosha kumhuzunisha mtu. Hupita. Jamaa na wakae naye, wala wasiulize kila saa, "Mbona shavu hili kubwa kuliko hili?"

Lakini kuna mtu ambaye pua yake ni nzuri kama ya nduguze, naye haoni katika kioo ila ubaya, akatumia saa nyingi kila siku kujitazama na kujificha. Huyo ana maradhi, na maradhi yake hayako puani. Akipasuliwa hataridhika, atarudi kwa kiungo kingine. Daktari mwema humkataa, akampeleka kwa mwenye ilimu ya nafsi. Tusimcheke, wala tusimkopeshe fedha za kupasuliwa.

SUALI LA TISA: NA HIZI SINDANO ZA MADUKA YA UREMBO?

Jawabu: Ziko namna mbili mashuhuri. Moja hulegeza misuli ili mikunjo ipungue, na nguvu yake hudumu miezi 3 au 4. Ya pili hujaza chini ya ngozi. Watu huziona nyepesi kwa kuwa hazina kisu. Ila hiyo ya kujaza, ikiingia ndani ya mshipa wa damu karibu na pua au baina ya nyusi, yaweza kuufisha uso au kulipofusha jicho kwa dakika chache. Yamekwisha kutokea hayo katika nchi nyingi. Basi jambo linaloweza kupofusha si la kufanyiwa na msusi katika chumba cha nyuma.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Yahifadhiwe haya, na jamaa wa mgonjwa wayahifadhi zaidi kuliko yeye:

1. Upande mmoja wa uso kufura kwa ghafula pamoja na maumivu makali, na zaidi katika saa 24 za mwanzo. Hiyo ni damu inayokusanyika ndani.
2. Baada ya kupasuliwa kope: jicho kuuma sana, kutokeza nje, au kuona kiza. Ni nadra, lakini jicho laweza kupotea katika saa chache. Usingoje kupambazuke.
3. Ngozi kugeuka nyeusi au ya kijivu, au kuwa baridi.
4. Homa, usaha, harufu mbaya, au wekundu unaotambaa.
5. Damu ya pua isiyokatika kwa kubanwa.
6. Kifua kubana, pumzi kukatika, au mguu mmoja kufura.

KUMCHAGUA DAKTARI

Nchini Kenya liko Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, lenye daftari la wote walioruhusiwa kutibu, na kila raia ana haki ya kuuliza kama fulani yumo na ilimu yake ni ya jambo gani. Kuwa daktari si kuwa mpasuaji, na kuwa mpasuaji si kuwa mpasuaji wa uso. Muulize: Umefanya kazi hii mara ngapi? Nani atanilaza usingizi? Nikivuja damu usiku, nimpigie nani? Daktari mwema hakasiriki kwa masuali haya. Na anayekasirika amekwisha kukujibu.

Anayesafiri ng'ambo kwa kufuata bei rahisi na ahesabu pia siku za kukaa huko mpaka nyuzi zitolewe, na ajue ni nani atakayemtazama akirudi. Kisu cha rahisi chenye matengenezo ya ghali si cha rahisi.

KHATIMA

Ndugu zetu, hatukuandika haya ili watu wakimbilie visu. Aliyepewa uso mzima na ashukuru, maana uso wenye nuru ya udhu hauhitaji fundi. Lakini mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka si laana ya mtu, wala si kwa sababu mamake alishika kisu wakati wa kupatwa kwa mwezi. Mdomo ule hushonwa akiwa na miezi 3 mpaka 6, na kaakaa lake kwa kawaida kabla ya kutimiza mwaka na nusu, ili apate kunyonya, kula na kusema kama wenziwe. Kumficha ndani mpaka awe mtu mzima ni dhulma. Wazee wetu walisema, mficha uchi hazai.

Ama kijana wetu, jicho lake la kushoto limekwenda. La kulia ni zima, na uso wake ungali na tiba, naye ameahidiwa siku ya kupasuliwa. Atakaporudi akiwa na bendeji, tunawaomba watu wa msikiti wetu jambo lile ambalo McIndoe aliwaomba watu wa mji wake: mpisheni katika safu, msalimieni kwa jina lake, wala msimkodolee macho. Na atakayeulizwa kesho na mgonjwa mwingine, naye hajui, na aseme, "Sijui." Neno hilo ni nusu ya ilimu, na lingaliokoa jicho.

Wabillahi tawfiq.